Zahanati ya kijiji na mkimbizi: tuanze na mkalimani

Mama mkimbizi anaingia zahanati akitetemeka kwa homa, binti yake wa miaka kumi pembeni. Mama hajaijua lugha ya wenyeji. Binti ameiokota shuleni. Basi mhudumu anauliza, binti anatafsiri. Likija swali la choo anaona haya, anajibu tu, "Hapana." Dawa zinatoka: kidonge kimoja, mara tatu kwa siku. Wakifika nyumbani vimekuwa vitatu kwa mkupuo.

Tukizungumzia afya ya wakimbizi vijijini, aghalabu tunaishia kwenye majengo na magari ya wagonjwa. Umbali unaumiza kweli, sibishi. Ila wapo wanaotembea nusu siku, wakafika, wakahudumiwa, na wakarudi na ugonjwa wao kwa kuwa hawakueleweka.

Mchukue mwanamke aliyebakwa akikimbia vita. Dawa za kumkinga na VVU sharti zianze ndani ya saa 72, na kadiri zinavyowahi ndivyo bora. Atalisemaje hilo kwa kinywa cha mwanawe? Atasema tumbo linamuuma, atapewa dawa ya maumivu, na saa zitakwisha.

Mkalimani anayefaa ni mtu mzima aliyefundishwa kutunza siri. Kwa mambo ya wanawake, awe mwanamke. Miongoni mwa wakimbizi wenyewe mara nyingi wamo wauguzi na wakunga ambao vyeti vyao havijatambuliwa. Wakati vyeti vinashughulikiwa (na hilo huenda kwa mwendo wa kobe), wafanye kazi ya ukalimani na ya uhudumu wa afya ya jamii. Na walipwe, kujitolea hakujazi chungu. Mtu kama huyo, akiwa na utepe wa kupimia mkono, akikuta mtoto wa miezi 6 hadi 59 ambaye mzunguko wa mkono wake haufiki sentimita 11.5, anajua huo ni utapiamlo mkali na mtoto apelekwe kituoni leo hii. Anapima watoto wa wenyeji pia, nao wanaacha kunung'unika kwamba mgeni anapendelewa.

Kwa mkimbizi mwenyewe: tunza karatasi zako. Tiba ya kifua kikuu kwa kawaida huchukua miezi 6, na huenda ukahamishwa kabla hujaimaliza. Usiondoke bila barua inayotaja dawa zako na tarehe uliyozianza. Ipige picha kwa simu, kisha karatasi yenyewe itie kwenye mfuko wa nailoni.