Je, wajua kwa nini taa za gari hufifia besi inapodunda?

Simama usiku kando ya barabara ya Rongai, Nairobi, usubiri nganya, yaani matatu iliyopambwa, ipite na muziki wake mnene. Ikiwa bado inatumia balbu za kawaida, usisikilize, tazama taa za mbele. Besi ikidunda, zinafifia, ikinyamaza, zinarudi. Gari linapepesa macho kwa mdundo. Ukiuliza, utaambiwa betri ni ndogo, weka kubwa. Hiyo ni nusu ya jibu, tena nusu yenye gharama.

Injini ikishawaka, anayelisha gari ni alternata, jenereta inayozungushwa na injini, kwa volti 13.8 hadi 14.4. Betri iliyojaa na kutulia ina volti 12.6 hivi. Kwa hiyo alternata ikiumudu mzigo, betri inachajiwa tu. Zamu yake hufika alternata inapozidiwa.

Na kuzidiwa si kazi. Chukua amplifaya ya wati 1,000 za kweli (zile zilizochapwa kwenye boksi mara nyingi ni za kuchekesha). Hata ikiwa ya daraja D, aina isiyopoteza umeme mwingi, sehemu ya umeme hupotea kama joto, hivyo itavuta wati 1,250 hivi. Gawanya kwa volti 13.8, unapata ampea 90. Alternata nyingi za magari madogo huandikwa ampea 60 hadi 100, na hapo injini iwe inazunguka kwa kasi. Kwenye foleni hutoa pungufu sana, na taa na feni nazo zinadai chao.

Pengo hilo linazibwa na betri, mdundo kwa mdundo, na volti zinashuka. Balbu ya halojeni, ile ya kawaida, haina subira: volti zikitoka 14 hadi 12, mwanga hupungua kwa takriban asilimia 40.

Hapo ndipo betri bora ina maana, ingawa siyo kwa ukubwa wake. Muhimu ni ukinzani wa ndani, yaani jinsi betri yenyewe inavyozuia umeme kutoka. Betri za AGM zina mikeka ya nyuzi za kioo iliyonyonya asidi na kubanwa kati ya sahani za risasi; ukinzani wake ni mdogo, hivyo humwaga ampea nyingi kwa ghafla bila volti kuporomoka. Ukubwa unakufaa injini ikiwa imezimwa, milango wazi, watu wanacheza ufukweni. Lakini hata betri ya N70, yenye ampea-saa 70, hupimwa kwa kuvutwa polepole kwa saa 20. Ivute ampea 20, na baada ya saa mbili zaidi ya nusu imekwenda, jiandaeni kusukuma. Betri ya kuwashia gari ina sahani nyembamba, haipendi mchezo huo. Ukiiacha bila kuichaji, salfeti ya risasi huganda kwenye sahani na uwezo wake haurudi wote.

Wapo wanaouziwa kapasita, kifaa kinachohifadhi umeme na kuutoa kwa ghafla, ya faradi moja, yenye taa za buluu. Inapendeza. Ila kati ya volti 14.4 na 12 inatoa jouli 32 tu, ambazo amplifaya yetu inazimaliza kabla hujapepesa jicho.

Kabla ya kununua chochote, mwambie fundi akague waya: wa alternata kwenda betri, wa hasi kwenda bodi, na wa injini kwenda bodi. Kiungo chenye kutu cha omu 0.01 tu, kikipitisha ampea 90, kinakula volti 0.9. Na waya wa amplifaya uwe na fyuzi karibu kabisa na betri, maana ukichubuka na kugusa bodi, gari linaungua.

Kisha pima volti muziki ukiwa juu. Betri ikisoma 13.5 na amplifaya 12, tatizo ni waya. Betri yenyewe ikishuka kwenye mdundo na kurudi mara moja, AGM itasaidia. Ikishuka chini ya 12.6 na kubaki huko, hakuna betri itakayokuokoa: tafuta alternata kubwa, au punguza sauti.