Wanakujua wewe, lakini kazi yako wanaijua?

Tuanze na hesabu ya kuachishwa kazi, maana wengi huifanya wakiwa wamechelewa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri anayemwachisha kazi mfanyakazi wa mshahara wa mwezi ampe notisi isiyopungua siku 28. Kiinua mgongo, kwa kiwango cha chini cha sheria, ni mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliotimia, na miaka inayohesabiwa haivuki 10. Kwa hiyo aliyeitumikia kampuni miaka 10 anaondoka na malipo ya siku 70, na aliyeitumikia miaka 22 naye anaondoka na siku 70 zilezile. Fao la kukosa ajira lipo kwenye mifuko ya hifadhi ya jamii, kwa wenye sifa, lakini nalo ni la muda mfupi.

Mimi ni mshauri wa rasilimali watu hapa Dodoma, na nimekaa mezani na watu wengi tukiipiga hesabu hiyo. Tukishapanga kodi ya nyumba Nkuhungu, ada ya shule ya Januari na marejesho ya mkopo, hubaki swali ambalo hakuna kifungu cha sheria kinacholijibu: nje ya ofisi yako, ni nani amewahi kuiona kazi yako kwa macho yake? Simaanishi anayekupenda, wala anayekuombea. Namaanisha mtu ambaye bosi wake akimuuliza kesho, "Unamjua mtu wa kutufanyia hili?", jina lako litamjia kabla hajamaliza chai.

Hiyo ndiyo kinga ninayotaka tuizungumze. Najua wengi wakisikia habari za kujuana kazini wanafikiria unafiki wa kusambaza kadi za biashara na kuchekacheka na wakubwa. Mimi naiweka kundi moja na akiba ya benki na bima ya afya: unaijenga wakati mambo yako yako sawa, kwa sababu siku ya shida haijengeki.

Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na kufikia Julai mosi shirika lake la USAID lilikuwa limeacha kabisa kuiendesha. Watu waliokuwa kwenye miradi ya afya walijikuta nje bila kosa lolote. Tathmini zao za utendaji zilikuwa nzuri, ripoti zilikuwa zinafika kwa wakati. Mkataba wa mradi unategemea uamuzi unaofanyika mbali, na bidii yako ya Dodoma au Singida haina kura huko.

Dada mmoja niliyemshauri alikuwa afisa takwimu wa mradi. Kila mwanzo wa mwezi, ripoti za MTUHA, yaani takwimu za vituo vya afya, zinapoingizwa kwenye mfumo wa kompyuta wa DHIS2, watu wa takwimu wa halmashauri walikuwa wanampigia: jumla ya wajawazito kwenye rejesta haifanani na ya kwenye fomu, tatizo liko wapi? Hilo halikuwa kwenye majukumu yake. Alikaa nao kwenye simu, rejesta imefunguliwa upande wa pili, mstari kwa mstari, mpaka hudhurio la marudio lililohesabiwa kama la kwanza lionekane. Mradi uliposimama alimpigia mmoja wao kumuaga tu. Yule ndiye aliyejua kwamba hospitali moja ya dini inahangaika na takwimu zake. Na alipompelekea mganga mfawidhi wa hospitali hiyo jina la huyu dada hakusema "ni dada mzuri, anahitaji kazi". Alisema, "Huyu ndiye aliyetutatulia ule mkanganyiko wa marudio." Kwa sentensi hiyo akaitwa kwenye usaili, na usaili akaufaulu mwenyewe.

Sasa, Watanzania si watu wa kufundishwa kujuana. Kadi za michango ya harusi zinatufikia kila mwezi, misibani tunakesha, vikoba vinakutana Jumapili baada ya ibada. Nayaheshimu yote hayo. Asiyezika wenzake asitegemee kuzikwa. Lakini fungua kikundi cha WhatsApp cha kamati ya harusi uliyomo, pitia majina, ujiulize ni wangapi wanaoweza kueleza kazi yako kwa sentensi moja. "Yuko pale wizarani." "Anafanya mambo ya kompyuta." Mtu anayekujua kwa kiwango hicho atakusaidia kwa moyo wote na bado atashindwa, kwa sababu mbele ya mwajiri hana la kusema. Nimeona watu wenye simu iliyojaa namba, wanaosalimiwa kila kona ya Soko la Majengo, wakakaa mwaka mzima bila mchongo hata mmoja. Hawakukosa watu wa kuwapenda. Walichokosa ni shahidi wa kazi yao.

Wagogo, wenyeji wa nchi hii kavu, walilielewa jambo hili kwa upande wa mifugo. Mwenye ng'ombe wengi hakuwalundika wote kwenye zizi moja. Aliwagawa kwa ndugu na marafiki wa vijiji vya mbali. Aliyepewa alitunza na kukamua maziwa, mwenye mali alibaki na mali yake, na ukame au ugonjwa ukipiga upande mmoja, upande wa pili ulisalia. Ugogo imepitia njaa kali, ikiwemo ile iliyoitwa Mtunya ya mwaka 1917 hadi 1920, kwa hiyo watu hawa hawakugawa mifugo kwa kubahatisha. Kuna kipengele hapo ambacho wanaosaka koneksheni hukiruka: aliyekuja kuokolewa na ng'ombe wa mbali ndiye aliyetoa kwanza, na mwenzake alikuwa anakunywa maziwa miaka yote ambayo shida haikuwepo.

Sayansi ya jamii nayo imeligusa suala hili. Mwaka 1973, mwaka uleule TANU ilipoamua makao makuu yahamie Dodoma, mwanasosholojia wa Marekani Mark Granovetter alichapisha matokeo ya mahojiano na watu wa taaluma waliobadili kazi karibu na Boston. Kati ya waliopata kazi kupitia mtu, asilimia 17 hivi tu ndio waliokuwa wakionana na mtu huyo mara kwa mara. Zaidi ya nusu walikuwa wanaonana naye mara mojamoja, na waliobaki kwa nadra. Sababu yake utaielewa ukikaa kantini yoyote ya Mtumba, kwenye Mji wa Serikali: mnaokula pamoja kila mchana mnasikia habari zilezile. Habari mpya inakuja na mtu wa idara nyingine, wa wilaya nyingine. Utafiti wa mwaka 2022 uliohusisha watumiaji zaidi ya milioni 20 wa LinkedIn, mtandao wa watu wa kazi, ulifika karibu na hapo, ila ukaongeza mambo mawili. Wanaofaa zaidi si wageni kabisa, ni wale mnaofahamiana kwa kiasi. Na kwenye shughuli zisizotegemea sana teknolojia ya kidijitali, ukaribu ndio uliosaidia zaidi. Fundi rangi wa Chang'ombe anayeitwa saiti na fundi mwenzake hatashangaa kusikia hilo.

Mji wetu una hali yake ya pekee. Tangu Rais Magufuli alipotangaza mwaka 2016 kwamba Serikali inahamia huku, watumishi wamefika kwa maelfu na kuwaacha Dar es Salaam watu wote waliozijua kazi zao. Wengi hawakuanza upya. Mtu anaishi Kisasa au Iyumbu, asubuhi basi la Mtumba, jioni nyumbani, mwisho wa wiki ni treni kwenda kwa familia Dar. Treni ya SGR iliyoanza safari za Dodoma katikati ya mwaka 2024 imemrahisishia sana, na nafurahi kwa ajili ya watoto wake, lakini miaka inapita na hapa mjini hajulikani na mtu nje ya korido yake. Miaka saba Dodoma, na hajawahi kuingia darasani Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) kuwaeleza wanafunzi wa fani yake kazi inavyofanyika, wakati walimu wa pale wanatafuta watu wa kufanya hivyo.

Na fursa ziko hapahapa. Bunge la bajeti linakaa kuanzia Aprili hadi mwisho wa Juni, na kwa miezi hiyo wataalamu wa mashirika na taasisi za nchi nzima wanapishana hapa mjini. Yule mliyesoma naye, sasa yuko Mwanza au Mtwara, amefikia hoteli ya Area C na jioni hana pa kwenda. Mhasibu au mtu wa ununuzi anazo NBAA na PSPTB, bodi za taaluma zao zenye makao makuu hapahapa, na mafunzo yao endelevu yanawakutanisha watu wa sekta tofauti. Tatizo ni kwamba wengi wanakwenda kukusanya saa za mafunzo tu, wanakaa na wenzao wa ofisi moja, wakimaliza wanapanda gari moja. Kaa meza nyingine. Muulize jirani yako ni kitu gani kwenye kazi yake kinamchukulia muda mrefu kuliko inavyostahili. Jibu la swali hilo litakufundisha juu ya taasisi yake kuliko kadi yake, na mara nyingi utakuta jambo hilo kwenu mlishalitatua.

Lazima niseme pia kisichokuwa kinga. Nafasi nyingi za utumishi wa umma zinapita Sekretarieti ya Ajira, kuna usaili wa mchujo wa kuandika, na jina la mjomba halipaswi kukujazia karatasi. Anayekwambia "lete laki tano nikuunganishe" ni tapeli au ni mla rushwa, na wote wawili wanapelekwa TAKUKURU. Linaniuma kuona kijana aliyemaliza chuo akiuza shamba la alizeti la baba yake kwa ahadi ya namna hiyo. Na kiongozi anayempa kazi mtoto wa rafiki asiyeiweza anaiibia taasisi, hata kama hakupokea senti. Ninachokitetea ni kinyume cha upendeleo: shahidi anasema alichokiona, kisha mwombaji anapimwa kama wengine.

Angalia tangazo la kazi la Sekretarieti yenyewe. Linataka wasifu wenye majina ya wadhamini watatu wa kuaminika. Hao watatu ndio kipimo ninachompa kila mtu anayekuja kwangu akiwa bado ana kazi. Je, unao watatu, na angalau mmoja hajawahi kulipwa mshahara na mwajiri wako wa sasa? Wanajua ulichofanya mwaka huu, au wanakukumbuka ulivyokuwa wakati wa fildi? Ukiweka jina la mhadhiri wako wa mwaka wa pili, ataandika ulikuwa mtiifu na ulihudhuria vipindi.

Mawasiliano ya kuwatunza watu hawa hayahitaji ufasaha. Huu ni mfano wa ujumbe ninaoupenda, kutoka kwa mtunza stoo ya dawa kwenda kwa mkubwa wa stoo ya wilaya nyingine:

"Shikamoo Mama. Ni mimi, tulihesabu mali pamoja kwenye ile stoo ya Mpwapwa. Nimesikia mmeanza fomu mpya ya mapokezi. Sisi ilitusumbua kwenye tarehe za kuisha muda, mpaka tulipoanza kuandika namba ya bechi kwanza. Nimekuwekea fomu yetu ikiwa tupu, uione. Wasalimie wote."

Ujumbe huu hauombi kitu. Unamkumbusha Mama huyo anayeandika ni nani, waliwahi kufanya nini pamoja, na unamwachia kitu atakachokitumia Jumatatu. Fomu ni tupu, na hilo si dogo: siri za mwajiri wako hazigeuzwi zawadi, kwa sababu anayezipokea leo atajiuliza utazipeleka wapi zake. Ujumbe wa namna hii ukituma mmoja kwa mwezi, kwa watu tofauti, unatosha. Zile picha za "asubuhi njema" zenye maua hazihesabiki.

Agosti, kwenye maonyesho ya kilimo ya Nanenane pale Nzuguni, wenye mabanda wanaongea na umati tangu asubuhi. Nenda siku ya katikati, si siku ya kilele wakati viongozi wako uwanjani. Kwa anayefanya kazi za kilimo, zana, mbegu au usindikaji, iwe zabibu za hapa au alizeti ya Singida, hakuna mahali pengine kanda hii ambapo watu wa fani yako wanasimama wakisubiri kuulizwa maswali.

Na kama barua ya kuachishwa umeshaipata? Omba cheti cha utumishi kabla hujarudisha funguo, ni haki yako kisheria. Wapigie wadhamini wako ndani ya wiki ya kwanza, wasikie kutoka kwako na si mtaani, na usione aibu, kwa sababu kupunguzwa si kufukuzwa. Kisha wapigie watu uliowahi kuwafaa, ukiomba dakika chache za maswali kuhusu wanachokihitaji wao sasa hivi. Anayeombwa kazi asiyokuwa nayo huishia kukukwepa, ila anayeulizwa juu ya fani yake huongea. Na kama unaona umeachishwa isivyo halali, siku 30 za kupeleka shauri Tume ya Usuluhishi na Uamuzi zinahesabiwa tangu kuachishwa kwako, kwa hiyo hilo lisisubiri simu ya mtu yeyote.