Kura ya mfungwa: adhabu ambayo hakimu haitamki

Siku ya hukumu hakimu husoma kosa, husoma kifungu cha sheria, kisha hutaja adhabu: kifungo cha mwaka mmoja, au faini laki tano. Kuhusu kura hasemi neno. Lakini kwa Tanzania, kifungo kikizidi miezi sita, yule anayepandishwa karandinga jioni hiyo amepoteza pia haki ya kumchagua rais, mbunge na diwani mpaka atakapotoka. Huko ndiko kunyimwa kura kwa sababu ya hatia: adhabu ya pili inayokuja imebebwa mgongoni mwa ile ya kwanza, bila mtu kuitangaza.

Mjadala wake huvurugika mapema kwa sababu mtaani tunawaweka watu watatu tofauti katika kapu moja la "watu wa jela". Yupo mahabusu, ambaye kesi yake haijaisha na hana hatia yoyote mpaka mahakama iseme. Yupo mfungwa, aliyekwisha kuhukumiwa na anatumikia kifungo. Na yupo aliyemaliza kifungo chake akarudi nyumbani. (Wengine huchanganya hata kupiga kura na kugombea. Masharti ya kugombea ni mengine na ni makali zaidi. Hapa tubaki kwenye kura.)

Mahabusu kwa kawaida hazuiwi na sheria. Anazuiwa na geti. Kituo cha kura kiko shuleni, yeye yuko ndani, basi. Ndiyo maana ilikuwa habari kubwa Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi ilipopeleka uandikishaji wa kuelekea uchaguzi wa 2025 hadi magerezani: vituo 130 Tanzania Bara, na 10 katika vyuo vya mafunzo, kama magereza yanavyoitwa Zanzibar. Walioruhusiwa kujiandikisha humo ni mahabusu na wafungwa wenye kifungo cha chini ya miezi sita.

Hiyo miezi sita ndiyo inayonikera. Katiba, ibara ya 5, inaliruhusu Bunge kumzuia mtu kupiga kura kwa kutiwa hatiani kwa "makosa fulani" ya jinai. Makosa fulani, yaani yatajwe. Kifungu cha miezi sita katika sheria ya uchaguzi hakikutaja kosa hata moja. Kiliangalia urefu wa kifungo cha jela tu. Desemba 2022 Mahakama Kuu iliona kasoro hiyohiyo na kusema kifungu kile kinakwenda kinyume na Katiba. Mwaka 2024 ikatungwa sheria mpya ya uchaguzi, na mstari wa miezi sita ukabaki palepale.

Tazama mstari huo unavyofanya kazi. Vijana wawili wameiba simu, kila mmoja kwa wakati wake, na kila mmoja akapewa mwaka mmoja. Wa kwanza kafungwa Januari 2021, miezi michache tu baada ya uchaguzi. Akatoka, na Oktoba 2025 kadi yake iko mfukoni, hajapoteza kitu. Wa pili kafungwa Agosti 2025. Kosa lilelile, kifungo kilekile, lakini huyu kapitwa na uchaguzi na atasubiri miaka mitano. Kilichowatofautisha ni kalenda. Adhabu inayotegemea kalenda mimi naiita bahati nasibu.

Wanaotaka wafungwa wazuiwe wana hoja yao, na si ya kipuuzi: aliyevunja sheria ana uso gani wa kuwachagua watunga sheria? Jibu langu ni kwamba kifungo kinamnyang'anya mtu uhuru wa kutembea, hakimvui uraia. Akitoka ataishi chini ya serikali ileile iliyochaguliwa yeye akiwa ndani. Afrika Kusini, mwaka 1999, Jaji Albie Sachs aliandika kwamba kura ya kila raia ni alama ya utu wake. Naye selo anaijua: zama za ubaguzi wa rangi aliwahi kuwekwa kizuizini peke yake bila kufunguliwa kesi.

Kenya wamekwenda mbali kuliko sisi. Katiba yao ya 2010 haimzuii mtu kwa kuwa gerezani. Inayemzuia ni aliyetiwa hatiani kwa kosa la uchaguzi ndani ya miaka mitano iliyopita. Wafungwa walipiga kura ya maoni Agosti 2010 baada ya mahakama kuamua hivyo, na uchaguzi wa rais wakaanza 2017. Mkenya asiye gerezani siku ya uchaguzi mkuu hukabidhiwa karatasi sita, kuanzia ya rais hadi ya mwakilishi wadi. Wa gerezani hupewa moja tu, ya rais, kama Wakenya walioko ng'ambo. Na wanaohofia kwamba wafungwa watapindua matokeo watazame daftari la 2022: walikuwa 7,483 kati ya wapiga kura zaidi ya milioni 22.

Mtu wa tatu, aliyemaliza kifungo, kwetu hana shida, maana kizuizi huisha siku anapotoka. Marekani ndiko anakoteseka. Kule kila jimbo lina lake: Maine na Vermont hata aliyemo ndani hupiga kura kwa posta, huku Florida kwa miaka mingi hatia moja kubwa ilimfungia mtu mlango hata baada ya kutoka. Mwaka 2018 wapiga kura wa Florida, karibu asilimia 65, walikubali waliomaliza adhabu warudishiwe haki hiyo, isipokuwa wenye makosa ya mauaji na ya ngono. Mwaka uliofuata wabunge wakaongeza sharti: kwanza lipa faini na gharama zote za mahakama. Jimbo halikuwa hata na daftari moja la kumwonyesha mtu anadaiwa kiasi gani. Agosti 2022 watu 20 walitangazwa kukamatwa huko kwa kupiga kura isivyo halali. Kadhaa kati yao walikuwa na kadi za mpiga kura walizopewa na maofisa wa uchaguzi wenyewe.