Maneno ya kilimo ya Kihindi-Kiulaya: dhana potofu na ukweli

Kihindi-Kiulaya ni jamii ya lugha zilizotoka chimbuko moja, kama Kiingereza, Kilatini, Kigiriki, Kirusi na Kisanskriti.

Dhana: Maneno yakifanana ni ndugu.

Ukweli: Kufanana hakutoshi. Undugu huthibitishwa na sauti zinazobadilika kwa utaratibu uleule katika maneno mengi. Chukua neno la Kiingereza corn, nafaka. Ukilisikia utadhani ni ndugu wa Kilatini cornu, pembe, kumbe hayahusiani kabisa. Penye k ya Kilatini (huandikwa c) mwanzoni, Kiingereza kina h: cornu ni horn, canis (mbwa) ni hound, centum (mia) ni hundred. Penye g ya Kilatini, Kiingereza kina k (pengine huandikwa c): ager (shamba) ni acre, iugum (nira) ni yoke, genu (goti) ni knee, ambalo k yake zamani ilitamkwa. Basi ndugu halisi wa corn ni granum, punje. Mwanaisimu wa Denmark Rasmus Rask aliuona utaratibu huu mwaka 1818, na Mjerumani Jacob Grimm akaupanga kuwa kanuni mwaka 1822.

Lugha zetu za Kibantu hupimwa kwa njia hiyohiyo. Kulima ni kũrĩma kwa Kikuyu, kula ni kũrĩa, kulala ni kũraara. Ni l na r zinazolingana kila mara ndizo zinazotoa ushahidi, wala si neno moja moja.

Dhana: Maneno haya yote yalitoka Kisanskriti.

Ukweli: Kisanskriti, lugha ya kale ya India, ni dada wa Kilatini na Kigiriki, si mama yao. Jaji Mwingereza William Jones alilisema hilo Calcutta, India, mwaka 1786: lugha hizo zina chimbuko moja ambalo huenda halipo tena. Tazama kitenzi cha kulima kwa plau: Kilatini arare, Kilithuania arti, Kigothi (lugha ya kale ya jamii ya Kijerumani) arjan, Kiairishi cha kale airim. Kisanskriti kilitumia mzizi mwingine kabisa, kṛṣ-. Ulaya isingeweza kukopa kutoka Kisanskriti kitenzi ambacho Kisanskriti chenyewe hakikitumii.

Dhana: Neno likiwa la pamoja, na kitu chenyewe kilikuwa cha pamoja.

Hapa ndipo wengi huteleza, hata wanaozijua vizuri kanuni za sauti. Sauti hufuata kanuni, maana hutangatanga. Ager ya Kilatini na agros ya Kigiriki ni shamba, lakini ndugu yao katika Kisanskriti cha Veda (maandiko matakatifu ya kale ya India), ajra, ni uwanda tu, bila dalili ya kulimwa. Wataalamu wengi hulihusisha neno hili na mzizi wa kuswaga mifugo, Kilatini agere. Yaelekea lilianza kama jina la malisho, kisha watu wa Ulaya wakalihamishia kwenye ardhi iliyolimwa.

Nira ina ushahidi mzito kuliko karibu maneno yote ya kundi hili: Kihiti (lugha ya kale ya Uturuki ya leo) yugan, Kisanskriti yugam, Kigiriki zugon, Kilatini iugum. Hata hivyo, ng'ombe hufungwa nira ili kukokota gari pia, kwa hiyo neno hili peke yake halithibitishi kuwepo kwa plau.

Kwenye nafaka, uangalifu unahitajika zaidi. Yava ya Kisanskriti ni shayiri, javai ya Kilithuania ni nafaka kwa jumla, zeiai ya Kigiriki ni aina ya ngano yenye maganda magumu. Kutokana na hayo tunaweza kurejesha, yaani kukisia katika lugha ya chimbuko, jina la "nafaka fulani" tu. Anayedai "shayiri" amezidisha. Ngano nayo karibu kila tawi la jamii hii liliipa jina lake: Kiingereza wheat linatokana na weupe, Kilatini triticum na kusugua au kupura, Kirusi pshenitsa na kutwanga.

Corn nayo huko Uingereza ilimaanisha nafaka kuu ya mahali, na Marekani ikawa mahindi, zao ambalo Ulaya haikulijua kabla ya 1492.

Dhana: Neno la Kiingereza agriculture (kilimo) ni ushahidi wa urithi huu.

Ukweli: Ni mkopo kutoka Kilatini. Acre ndilo lililorithiwa. Ukipewa orodha ya maneno, anza na umbo la kale zaidi lililoandikwa, ondoa mikopo, kisha tafuta sauti zinazolingana katika angalau matawi matatu, ikiwezekana yasiyopakana. Maana iache mwisho.

Usiutupe mkopo, lakini. Kifini si cha jamii hii, ila neno lake la punje, jyvä, lilikopwa kutoka kwa mababu wa lugha za Kihindi-Kiirani (tawi lenye Kisanskriti na Kiajemi), ndugu wa yava ileile. Irabu zake zinaonyesha kuwa lilichukuliwa mapema, kabla e ya lugha hizo haijageuka kuwa a.