Kabla ya Kumpa Kobe Jina, Mtazame Ukosini

Mara nyingi anayetuletea kobe huwa ameshampa jina njiani, na jina hilo amelitoa kwenye rangi: ana madoa, basi ni kobe wa madoa; ni wa kahawia, basi ni wa namna nyingine. Rangi si shahidi mzuri. Hufifia kadiri mnyama anavyozeeka, na kobe wa madoa aliyekula chumvi nyingi anaweza kubaki wa kijivu kitupu.

Anzia ukosini. Gamba limefunikwa na vipande vigumu vilivyopakana, na kobe wengi wana kipande kimoja kidogo, chembamba, katikati kabisa ya ukingo wa mbele, juu ya shingo. Kobe wa madoa, *Stigmochelys pardalis*, hana kipande hicho. Kobe wa bawaba, jamii ya *Kinixys*, kwa kawaida anacho. Hata wale wakubwa wa Aldabra wanaofugwa kisiwani Changuu, Zanzibar, wanacho, ilhali wenzao wa Galapagos hawana.

Kisha hamia nyuma. Kobe wa bawaba akiwa mkubwa, gamba lake la mgongoni lina kiungo. Akishtuka hushusha sehemu ya nyuma na kufunika miguu na mkia. Usiweke kidole hapo, atakubana. Lakini mtoto wake hana bawaba bado, na ndiyo maana nasema tuanzie ukosini.

Panapotutesa zaidi ni gamba laini. Kobe chapati, *Malacochersus tornieri*, anayeishi kwenye nyufa za miamba ya Kenya, Tanzania na kaskazini mwa Zambia, ni bapa kweli: urefu wa sentimita 18 hivi, unene takriban 4 tu. Mifupa ya gamba lake ni myembamba na ina matundu, kwa hiyo ukimshika unahisi linabonyea. Huo ndio uzima wake. Ndivyo anavyojipenyeza mwambani. Kobe wa madoa mwenye umri wa miaka kadhaa akibonyea hivyo, ni mgonjwa. Amekosa jua na madini ya chokaa, pengine amefungiwa ndani na kulishwa nyanya na mkate. Nimeona watu wakiridhika kwamba wamepata "chapati", kumbe wana kobe wa madoa anayeharibika mifupa. Huyo anahitaji daktari wa mifugo wiki hii hii.

Chakula nacho hakifanani. Kobe wa madoa ni mla nyasi na majani. Kobe wa bawaba hula pia uyoga, matunda yaliyoanguka, konokono na jongoo. Ukimpa majani makavu peke yake atadhoofika.

Kenya na Tanzania hairuhusiwi kumfuga mnyamapori bila kibali, na tangu 2019 kobe chapati yumo katika Kiambatisho cha Kwanza cha CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya wanyama na mimea ya porini, maana yake biashara ya kimataifa ya kobe waliokamatwa porini imepigwa marufuku. Ukiwa naye nyumbani, usimwachie kwenye kichaka chochote cha karibu. Anaweza kupeleka maradhi kwa kobe wa pale, na pasipo mwamba hana pa kujificha. Piga picha nne: juu, ubavuni, tumboni na ukosini. Zipeleke pamoja naye kwenye ofisi ya wanyamapori, ukitaja mahali alipookotwa.