Belleview Biltmore: maji yalianzia juu

Hoteli kubwa ya mbao ikitoweka, wengi hudhani iliungua. Belleview Biltmore ya Belleair, Florida, haikuungua. Ilibomolewa mwaka 2015, na anayetaka kujua ilifikaje huko aanze kukagua paani.

Henry Plant, tajiri wa reli, aliifungua Januari 1897. Reli iliingia hadi hotelini, na matajiri wa kaskazini walikuja na mabehewa yao binafsi kukimbia baridi. Ilikuwa hoteli ya msimu: majira ya joto ya Florida, yenye mvua nyingi, yaliikuta haina wageni.

Mbao zenyewe hazikuwa na kosa. Ni kiini cha msonobari wa kusini mwa Marekani, mti unaokua taratibu hadi pete zake za ukuaji zikabanana na kujaa utomvu. Ukipigilia msumari kwenye boriti kuukuu ya aina hiyo, msumari unapinda. Fundi hutoboa kwanza kwa kekee. Unyevu ukibaki chini ya asilimia 20, boriti hiyo haiozi.

Shida huanza paa likivuja. Maji hufuata boriti hadi mwisho wake, pale inapokalia ukuta, na ncha ya ubao hunyonya maji kuliko ubavu. Kwa hiyo ukigonga katikati ya boriti utasikia iko nzima, huku ncha imekwisha. Chomeka bisibisi: mbao nzima huigomea, iliyooza huipokea kama keki, ikikatika vijimraba vya kahawia.

Miaka ya 1970 kuta za nje zilifunikwa kwa alumini ili kupunguza gharama ya kupaka rangi. Kwangu huo ulikuwa uamuzi mbaya. Rangi ikibambuka inakuonyesha mahali maji yanapopita; alumini inakaa nyeupe, safi, na nyuma yake ubao umelowa hauna pa kupumulia.

Vimbunga vya 2004 viliharibu paa. Hoteli ikafungwa 2009, na jengo la mbao likifungwa huharibika haraka kuliko likiwa na watu: hakuna kiyoyozi cha kukausha hewa, wala mtu wa kuona doa jipya darini. Kila msimu unaopita huongeza bili ya ukarabati, na mnunuzi akiiona anageuza.

Kipande cha jengo la 1897, chenye ukumbi wa mapokezi, kilinusurika. Mwaka 2016 kiliinuliwa kizimakizima, kikasogezwa na kuwekwa juu ya msingi mpya. Leo ni hoteli ndogo.