Sidiria Iliyochoka Haipati Nguvu kwa Kuvuka Bahari

Wiki hii nimesoma tena, katika ujumbe wa mama mmoja mwenye moyo mzuri wa hapa Brisbane, maneno ambayo nimechoka kuyajibu kwa upole: kwamba sidiria zake zimelegea, kwake hazina kazi tena, basi anaomba zipelekwe Vanuatu au Visiwa vya Solomon, kwa sababu wanawake wa kule hawana kitu na chochote watakachopewa watashukuru. Kazi yangu ni kuwapima wanawake sidiria dukani, na muda wangu wa ziada nautumia kuchambua sidiria za msaada katika ghala la hisani linalozifungasha kwa ajili ya visiwa vya Pasifiki. Naandika kwa Kiswahili kwa kuwa Waswahili wenzangu tunaoishi Australia nasi tumeanza kuchanga, na sipendi tuanze kwa kosa lile lile.

Sidiria si kama gauni. Gauni lililopauka bado litamsitiri mtu, lakini sidiria ni kifaa cha kubeba uzito, na kinachobeba uzito huo si kamba za mabegani kama wengi wanavyodhani, bali ni mkanda wa chini unaozunguka mbavu. Kamba kazi yake ni kuzuia kikombe kisihame. Mkanda ukiwa imara, titi hubebwa kutoka chini na uzito husambaa kwenye kiwiliwili; mkanda ukilegea, mzigo wote huhamia mabegani, kamba zikakata nyama, mkanda ukapanda mgongoni, na mvaaji akaanza kulalamikia shingo bila kujua chanzo. Nguvu ya mkanda hutokana na nyuzi za spandeksi, zilizobuniwa mwaka 1958 katika maabara ya kampuni ya DuPont nchini Marekani, na nyuzi hizo huharibiwa na joto, jasho, jua na klorini. Zikishachoka zimechoka. Hakuna sabuni inayozirudishia mvuto, na fundi naye hana la kufanya isipokuwa kubadilisha mkanda mzima.

Sidiria mpya hufungwa kwenye safu ya nje kabisa ya kulabu, ili kadiri mkanda unavyolegea mvaaji asogee ndani, safu baada ya safu. Kwa hiyo nikiipokea sidiria ghalani, kabla ya kutazama rangi au lesi, natazama vitanzi vya kulabu. Vitanzi vya safu ya ndani vikiwa vimepinda na kitambaa chake kimeanza kuvutika, najua kwamba mwenyewe ameshaimaliza: ameifunga hadi safu ya mwisho, na hapakubaki pa kusogea. Kisha nashika mkanda ncha mbili, nauvuta na kuuachia. Mkanda ulio imara hurudi mara moja. Uliochoka hurudi polepole na kuacha mawimbi pembezoni, na ukiuinua kwenye mwanga unaona vijinyuzi vyeupe vimechomoza kama mvi. Mwisho napapasa ncha za waya unaopita chini ya kikombe, karibu na kwapa, kwa sababu hapo ndipo waya hutoboa kitambaa na kuanza kumchoma mtu.

Linaloniudhi kuliko yote ni ile hoja kwamba sidiria iliyolegea itamfaa mwanamke mwenye mwili mkubwa zaidi. Haitamfaa. Namba ya mkanda na herufi ya kikombe hutembea pamoja. Herufi peke yake haina maana yoyote. Kwa vipimo vya Australia, kikombe cha 12D kina ujazo unaokaribiana sana na ule wa 14C na wa 10DD, maana herufi huonyesha tofauti kati ya kifua na mbavu na wala si ukubwa wa titi lenyewe. Mwanamke mwenye kifua kipana akipewa 12B iliyolegea mpaka kulabu zikamfikia mgongoni, vikombe bado ni vile vilivyokatwa kwa ajili ya mwanamke mdogo: vitamkalia juujuu, waya utaegemea nyama laini ya titi badala ya kukaa kwenye mbavu, na matiti yatafurika pembeni. Kama ananyonyesha, shinikizo hilo linaweza kuzuia maziwa yasitoke vizuri, titi likavimba, likauma na kumletea homa. Tumemtumia msaada uliomwongezea maumivu, kisha tunamtarajia apige picha akitabasamu.

Na vipimo ndivyo vinavyotuumbua. Masanduku yetu hujaa sidiria ndogo zenye sponji nene, zilizonunuliwa na wasichana kwa ajili ya sherehe moja. Wanawake wengi wa Samoa na Tonga wana miili mikubwa, hivyo wanahitaji mikanda mirefu na vikombe vyenye kina, na hivyo ndivyo tunavyovipata kwa nadra kuliko vyote, kwa sababu hata hapa Australia ni ghali, na mwenye navyo huvivaa mpaka vikatike. Pasifiki si kijiji kimoja. Mwanamke wa Solomon, wa Fiji na wa Tonga hawalingani maumbo, sembuse mahitaji.

Dhana kwamba wanawake wa visiwani hawakuwa wakijisitiri mpaka sisi tulipofika naipita haraka, kwa kuwa haistahili muda mrefu. Wamisionari wa karne ya 19 waliwaletea magauni mapana ya kufunika mwili, na wanawake wenyewe wakayageuza kuwa vazi lao: Vanuatu huitwa "aelan dres", Papua Guinea Mpya "meri blaus", Fiji "sulu jaba". Wanayashona, wanayarembesha, wanayavaa kanisani na sokoni. Isitoshe, tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 viwanda vya nguo vya Fiji vimekuwa vikishonea masoko ya Australia na New Zealand, na walioketi kwenye vyerehani ni wanawake kwa wingi. Mtu anayemfungashia mwanamke wa Suva, mji mkuu wa Fiji, sidiria iliyochakaa huenda anamtumia mshonaji anayejua mshono mzuri na mbaya kuliko yeye.

Kuhusu afya, hapa nina ugomvi na upande wangu mwenyewe. Matangazo ya kuomba michango hupenda kusema kwamba sidiria ni kinga ya magonjwa, na kauli hiyo imepanuliwa kupita kiasi. Kukosa sidiria hakumletei mtu saratani, na kuivaa vilevile hakumletei. Utafiti uliofanywa Seattle na kuchapishwa mwaka 2014, kwa wanawake waliokwisha koma hedhi, haukuona uhusiano wowote. Lililo kweli ni dogo zaidi. Mahali kama Suva, ambako mvua hufikia takriban milimita 3,000 kwa mwaka, mwanamke mwenye matiti mazito hupata shida chini ya titi: ngozi hugusana na ngozi, jasho halikauki, pakachubuka, kisha fangasi wakapata makao. Sidiria ya pamba inayoinua titi na kutenganisha ngozi humsaidia mtu huyo sana. Lakini sidiria ya sponji nene iliyofuliwa jioni na kuanikwa barazani siku ya mvua haijakauka asubuhi, naye akiivaa na unyevu wake tumempelekea kile kile tulichodai kumkinga nacho.

Naamini wanaohitaji sidiria kwa sababu ya ngozi ni wachache kuliko tunavyotangaza. Wengi waliobaki wanaitaka kwa sababu zinazowafanya wanawake wengine wote waitake: kwenda kanisani, kazini, shuleni, kucheza netiboli bila maumivu. Sababu hizo zinatosha kabisa. Hatuna haja ya kuwatungia ugonjwa ili wastahili kupewa kitu kizuri.

Baadhi ya ndugu zangu walioko nyumbani huniuliza inakuwaje nashughulikia nguo za ndani zilizovaliwa, ilhali Shirika la Viwango Tanzania limepiga marufuku uingizaji wa nguo za ndani za mitumba, sidiria zikiwamo, kwa sababu za kiafya. Swali ni la haki. Kwa fangasi, kufua kwa maji ya nyuzi joto 60 huleta usalama wa kutosha. Tatizo ni kwamba joto hilo hilo huichosha spandeksi. Usafi na uimara huvutana, na kila sidiria iliyovaliwa kwa muda mrefu imeshapoteza kimojawapo. Ndiyo maana mimi naipokea iliyovaliwa kidogo tu, na kwa upande huo sioni kwamba nyumbani wamekosea.

Lipo pia suala la mahali inapofikia. Baada ya kimbunga Pam kuipiga Vanuatu mwezi Machi 2015, zaidi ya makontena 70 ya misaada ambayo hakuna aliyeiomba yaliingia nchini, na miezi kumi baadaye mengine yalikuwa bado bandarini Port Vila yakilimbikiza gharama. Mwaka uliofuata, baada ya kimbunga Winston, Fiji ilipokea makontena 133 ya namna hiyo, yakiwamo ya nguo za baridi. Sidiria zisizoombwa huongeza rundo hilo. Zinazofika salama ni zile zilizoagizwa na watu wanaojulikana, kama vikundi vya wanawake wa makanisa au wauguzi wa zahanati, walioandika vipimo na idadi kabla sanduku halijafungwa.

Hata hivyo shaka hainiishi. Kila sidiria ya bure inayofika Honiara, mji mkuu wa Visiwa vya Solomon, ni sidiria moja ambayo mwanamke mwenye kibanda sokoni hataiuza, naye ana watoto. Pengine fedha tunazolipia meli zingenunua kitambaa, lastiki na kulabu, zikawalipa mafundi wa huko huko washone kwa vipimo vya miili wanayoijua. Nimelisema hilo katika vikao vyetu na sijapata jibu la kuniridhisha, wala sijaacha kuchambua, kwa sababu maombi yanayotoka kwa wauguzi ni ya kweli.

Kwa hiyo leteni sidiria mliyoinunua kwa kipimo kisichowafaa, ikakaa kabatini na lebo yake. Leteni za kunyonyeshea, ambazo hutumika miezi michache tu, na za michezo zisizo na waya. Zaidi ya zote, naziomba zile zenye mfuko wa ndani wa kuwekea titi la bandia, pamoja na titi lenyewe la silikoni kama halijapasuka. Saratani ya matiti ndiyo inayoongoza miongoni mwa wanawake wa Fiji, na aliyekatwa titi hazioni sidiria hizo katika duka la kawaida. Zifuatisheni na karatasi yenye kipimo, na upande uliofanyiwa upasuaji, kulia au kushoto, maana baadhi ya matiti hayo ya bandia hutengenezwa kwa upande mmoja tu.